Malisho mchanganyiko ya nafaka na mikunde ni nini?

Ni malisho yanayopatikana kwa kupanda nafaka pamoja na mmea wa jamii ya mikunde katika shamba moja, msimu mmoja, kisha kuvikata vyote kwa pamoja vikiwa bado kijani. Hapa hakuna anayengojea punje zikauke. Ndiyo tofauti yake na mahindi na maharage ya jikoni: yale hupandwa kwa ajili ya watu, ng'ombe akaambulia mabua.

Katika nyanda za juu za Kenya, kama kule Kinangop na Ol Kalou, Nyandarua, mchanganyiko unaofaa ni oti na vechi. Mabingobingo, yaani majani ya Napier, hayastawi vizuri juu ya mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na sakitu (umande unaoganda kwa baridi) ikishuka usiku, majani yake huamka yameungua. Oti huivumilia baridi hiyo. Vechi ni mkunde wa kutambaa wenye vijani vidogo vidogo na maua ya zambarau. Haiwezi kusimama yenyewe, kwa hiyo huishika oti kwa vikono vyake na kupanda nayo. Ikipandwa peke yake hulala chini, na majani yaliyo karibu na udongo huoza.

Kiini cha jambo lote ni protini. Oti hutoa wingi na nguvu, lakini ikikatwa punje zikiwa na maziwa, protini yake huwa kama asilimia 9 ya uzito mkavu. Vechi iliyotoa maua hukaribia asilimia 20. Basi theluthi moja ya malisho ikiwa vechi, mchanganyiko unafika asilimia 12 au 13. Ng'ombe anayekamuliwa vizuri huhitaji kama 14 hadi 16 katika chakula chake chote, kwa hiyo pengo la kuzibwa kwa chakula cha dukani linabaki dogo. Malisho yakishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni mwake hukosa nguvu ya kusaga nyuzinyuzi: ng'ombe amejaza tumbo, ndoo ya maziwa haijai.

Protini hiyo ya vechi inatokana na naitrojeni ya hewani, inayonaswa na bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mche mmoja taratibu, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu, bakteria wako kazini. Kukiwa kijani au kijivu, hakuna kinachofanyika. Wengi hudhani kwamba mkunde huilisha nafaka jirani papo hapo. Kidogo tu hufika huko. Faida kubwa inayoipata oti ni kwamba vechi, ikiwa na chanzo chake, haiigombanii sana naitrojeni ya udongoni. Na kwa kuwa malisho yanakatwa na kubebwa, rutuba nyingi inaondoka nayo. Samadi isiporudishwa shambani, udongo utachoka tu, mkunde uwepo usiwepo.

Kwa mbegu, kilo tatu za oti kwa kilo moja ya vechi ni kipimo kizuri cha kuanzia. Nafaka ikizidi, mkunde unafunikwa. Mbolea ya naitrojeni kama CAN ikimwagwa kwa wingi huleta balaa hilo hilo: oti inarefuka, majirani wanasifu shamba, na chini ya kivuli vechi inakufa. Urefu wa shamba ni kipimo kibaya cha lishe.

Muda wa kukata ndio unaoamua kila kitu, na ndio unaokosewa zaidi. Bonyeza punje ya oti: ikitoa maji meupe kama maziwa, na vechi iko kwenye maua na maganda ya kwanza, noa panga. Mara nyingi ni kama miezi mitatu baada ya kupanda. Ukisubiri mzigo uongezeke utaupata kweli, lakini ni wa mashina magumu, kwa maana majani ya vechi yameshapukutika. Wanaokausha wageuze asubuhi kukiwa na umande kidogo, kwa sababu kwenye jua kali majani hayo hukatika na kubaki chini. Kwa saileji, yaani malisho mabichi yanayofungiwa bila hewa yachachuke, mchanganyiko hufaa sana: nafaka ina sukari ya kuchachusha, jambo ambalo mkunde peke yake hauliwezi vyema.

Maeneo ya joto hutumia jozi nyingine, kwa mfano mtama na fiwi, mkunde wa jamii ya maharage. Hapo kuna hatari moja ambayo fiwi haiiondoi: mtama mchanga, au unaochipua upya baada ya ukame, huwa na sumu ya sianidi inayoweza kumwua ng'ombe kwa muda mfupi. Usikatwe kabla haujafika kiunoni.