Fidia si biashara, na makaburi hayana makosa: nyumba za bei chee Dar es Salaam

Mimi ni mthamini wa nyumba na viwanja, na simu ninayopigiwa ni ile ile, sauti tu ndiyo hubadilika. Mteja kapata nyumba anayotaka kuinunua aipangishe, bei imeanguka kuliko za jirani, na sababu anaijua: barabara kuu iko pua na mdomo, au mto uko nyuma ya choo. Nikimuuliza siku wakija kubomoa itakuwaje, ananijibu kwa raha zake: "Si watanilipa fidia?"

Jamani, fidia hulipwa mwenye haki ya kuwa pale alipo. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kando yake, hana haki hiyo, hata awe na Luku, risiti za kodi ya jengo na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Luku inathibitisha kwamba umeunganishiwa umeme, basi. Mwaka 2017 kuanzia Kimara hadi Kiluvya ziliangushwa nyumba, makanisa na vituo vya mafuta bila fidia, kwa kuwa hifadhi ya Barabara ya Morogoro eneo lile ilikuwa inazidi mita 100 kila upande. Mwaka huo huo TANESCO wakaanza kubomoa sehemu ya makao makuu yao pale Ubungo, nayo ilikuwa ndani ya hifadhi. Shirika la umeme lenyewe! Sasa wewe na Luku yako ya vyumba vitatu unamtisha nani?

Alama ya X inayochorwa kwenye ukuta wa nyumba ya kubomolewa nayo isomeni rangi. Nyekundu ni kwamba wewe ndiye uliyeifuata barabara. Kijani ni kwamba barabara ndiyo iliyokufuata: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya kawaida ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati, na waliokuwepo kabla ya hapo wanastahili kulipwa. Madalali wamekwisha ligeuza hilo kuwa chambo. Nyumba yenye X ya kijani inanadiwa kana kwamba ina bonasi. Bonasi gani? Wakazi wa Kipunguni, jirani na uwanja wa ndege, walisubiri fidia yao zaidi ya miaka 20. Ukingoja hivyo, nani atapanga kwako kwa bei nzuri, na benki gani itapokea dhamana ya ukuta wenye X?

Halafu kuna wajanja wa kununua kiwanja kitupu kwenye eneo litakalotwaliwa na kuinua kibanda usiku usiku kabla hatujafika kuthamini. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatoa posho ya makazi, yaani kodi ya mwezi mara 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Ardhi isiyo na mkaaji haipati hata kimoja kati ya hivyo. Na sisi mlango huwa tunafungua. Tunatazama kama kuna jiko lililowahi kuwashwa, kamba ya nguo, ndoo yenye maji. Kibanda chenye buibui tu kinajieleza.

Kwa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka ukae mita 60 kutoka ukingoni, na ufukwe wa bahari ni hivyo hivyo. Lakini kabla ya kufungua futi kamba, tazama ukuta. Rangi ya mafuta mpya hadi kiunoni, juu yake rangi ya zamani: hapo mwenye nyumba anaficha mstari wa maji. Gonga plasta kwa ufunguo. Ikilia kama debe tupu, imeshabanduka. Nyumba ya bondeni msiikague Septemba. Nenda Aprili, asubuhi baada ya mvua, uchungulie chemba. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya watu wa bonde la Msimbazi wahamishiwe Mabwepande, na bado naletewa nyumba za bondeni nikiambiwa "hapa maji hayafiki".

Wateja wengine huniambia: "Bei ikishuka kwa sababu ya kero, faida inapanda." Kwenye karatasi, sawa. Tuseme umenunua kwa milioni 60 na unapangisha laki nne kwa mwezi: kwa mwaka ni milioni 4.8, asilimia 8. Jirani ana baa. Familia inalipa miezi sita, inavumilia miziki ya Jumamosi, ikimaliza inahama, nawe unakaa na nyumba tupu. Ikikaa tupu miezi mitatu kwa mwaka umeshuka hadi asilimia 6, na rangi hujapaka. Siku ya kuuza, mnunuzi naye ataisikia baa hiyo hiyo. Dalali atakupeleka Jumanne saa nne asubuhi. Wewe rudi peke yako Jumamosi saa saba usiku. Kama bado unaitaka, gawa vyumba uwapangishie vijana wasio na watoto.

Makaburi? Acheni. Kinondoni makaburi yako katikati ya mji na nyumba zinazoyazunguka zina wapangaji. Ni jirani asiyepiga muziki na asiyejenga ghorofa la kukukingia upepo. Maji ya kisima cha pale tu usinywe.

Mnara wa simu, kinachowatisha wateja wangu ni saratani. Mimi nauliza jenereta liko upande gani, kwa sababu kelele zake ndizo zitakazomfukuza mpangaji.

Dampo ndilo pekee ambalo wateja wana hoja nusu wanaposema "litahama tu". Kweli huhama: wakazi wa Tabata walilifikisha mahakamani mwaka 1988 wakashinda, taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Ila halihami kwa ratiba yako, na likihama taka za chini zinabaki. Kabla hujalipia kiwanja kilichowahi kuwa dampo, mlipe kibarua akuchimbie shimo. Akitoa mifuko ya plastiki kwenye futi ya nne, ndipo utakapokaa msingi wako.