Acheni kumpima kwotabeki chipukizi kwa sura yake benchini

Kila mwaka kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kuna kwotabeki mmoja kijana, yaani yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, anayeambiwa maneno yale yale: mkono anao, mbio anazo, ila uongozi hana. Mwaka 2024 aliambiwa Caleb Williams wa Chicago Bears. Mwaka 2025 akaambiwa Cam Ward kule Tennessee. Juzi nimeyasikia tena kuhusu Williams, kutoka kwa mzee mmoja ninayemheshimu, mtu aliyeufuatilia mpira huu tangu alipohamia hapa, na ushahidi aliouleta ulikuwa picha ya kijana amekaa benchini, kichwa chini, haongei na mtu. Nilimjibu kwa adabu. Hapa nitajibu kwa kirefu.

Mimi hufundisha safu ya mbele, yaani wanaomkinga kwotabeki, ya timu ya vijana hapa Illinois. Watu wangu ni wale watano ambao televisheni haiwataji mpaka wakosee. Ukiutazama mchezo kutoka kwao, uongozi wa kwotabeki hauko benchini hata kidogo. Uko kwenye zile sekunde 40 kati ya plei moja (jaribio moja la kusogeza mpira) na nyingine, ambazo mashabiki wengi huzitumia kufungua soda.

Plei ikiisha, saa inaanza kurudi nyuma kutoka 40. Kocha anasema na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na redio hiyo inakatwa zikibaki sekunde 15. Kabla haijakatwa kijana awe ameshaisikia plei, ambayo inaweza kuwa sentensi nzima ya majina na namba, ameirudia kwa wenzake 10 kwenye duara bila kukosea neno, na duara limevunjwa. Halafu wanafika kwenye mstari, na kazi yenyewe ndiyo inaanza. Ni lainibeka yupi, yule mlinzi wa wapinzani anayesimama nyuma ya safu yao ya mbele, tunayemhesabu kama wa katikati? Akishatajwa huyo, safu nzima inajua nani anamzuia nani, na pia inajua nani atabaki bila mtu. Huyo anayebaki ni wa kwotabeki mwenyewe: inabidi mpira uwe umetoka mkononi kabla hajafika. Kama ulinzi umejipanga vingine, lazima abadilishe. Na aseme kwa sauti isiyotetereka.

Nasisitiza hiyo sauti kwa sababu gadi, mtu wa safu yangu anayekaa kando ya senta anayetoa mpira, akishainama, mkono mmoja ardhini, macho yake yako kwa adui wake na masikio yako nyuma kwa kwotabeki. Hana kingine. Sauti ikisita, gadi anachelewa nusu hatua, na nusu hatua kwenye ligi ile inatosha mtu wa kilo 130 kukupita. Mkiwa uwanja wa ugenini, kelele ni nyingi mno, basi hata hiyo sauti hamna: gadi anageuza kichwa kumwangalia kwotabeki, anapewa ishara, anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, mpira unatoka. Watu watatu wanapitishiana ishara moja, kila mmoja akimwamini aliye kabla yake. Wanaotafuta uongozi wautafute hapo.

Chipukizi akifika kwenye mstari saa inasoma 6, hayo yote hayawezekani. Atapiga plei kama alivyopewa, hata kama ameshaona kwamba haifai. Hapo tabia yake haihusiki. Bado hajaimudu kazi kiasi cha kuifanya haraka, na hakuna anayeweza kuwaamuru watu wazima kumi, wengine wana watoto shuleni, kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe bado anakifikiria. Ukimpigia makelele mtu wa aina hiyo umemwonyesha tu kwamba hujui. Debe tupu haliachi kuvuma, na wachezaji wa safu ya mbele wanalisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Historia ya machipukizi nitaipita haraka, maana kila mtu anaweza kuitafuta. Troy Aikman mwaka 1989 alianza mechi 11 na hakushinda hata moja. Peyton Manning mwaka 1998 alitupa mipira 28 mikononi mwa wapinzani na timu yake, Colts, wakamaliza 3-13, yaani ushindi 3 na vipigo 13. Ben Roethlisberger mwaka 2004 hakupoteza mechi ya msimu wa kawaida aliyoianza, lakini nyuma yake alikuwapo mkimbiaji Jerome Bettis na mbele yake gadi Alan Faneca. Sijawahi kumsikia mtu akieleza kwa nini uongozi wa Aikman ulikuwa umelala mwaka 1989 ukaamka miaka michache baadaye akiwa na Super Bowl tatu, yaani ubingwa wa ligi mara tatu, mkononi.

Sasa turudi kwa Williams, kwa sababu hapo ndipo watu wanaponikera.

Msimu wa 2024 aliangushwa na mpira mkononi mara 68. Katika historia ya ligi ni David Carr mwaka 2002 na Randall Cunningham mwaka 1986 tu waliowahi kuangushwa zaidi ya hapo katika msimu mmoja. Tarehe 10 Novemba New England walikuja Soldier Field wakamwangusha mara 9, mechi ikaisha 19-3. Siku mbili baadaye Shane Waldron, kocha wa mashambulizi, akafukuzwa. Kazi akapewa Thomas Brown. Tarehe 29 Novemba akafukuzwa kocha mkuu, Matt Eberflus, jambo ambalo klabu hiyo haikuwahi kulifanya katikati ya msimu tangu ianzishwe, na Brown huyo huyo akapandishwa tena. Kijana wa miaka 23, katika msimu mmoja, amesikiliza sauti mbili tofauti ndani ya helmeti na kuongozwa na makocha wakuu wawili. Halafu mtu anataka yeye ndiye aitulize timu.

Mbaya zaidi ni namna watu wanavyouelezea mwezi ule wa Novemba. Tuuangalie polepole.

Tarehe 17, dhidi ya Green Bay. Bears wako nyuma 20-19. Williams anaipeleka timu mpaka mahali pa kupiga teke la ushindi. Cairo Santos anapiga, mkono wa Packers unaugusa mpira, imekwisha. Tarehe 24, dhidi ya Minnesota. Wako nyuma 27-16, zimebaki chini ya sekunde 30. Pasi kwa Keenan Allen, tachidauni, pointi sita. Pasi kwa DJ Moore, pointi mbili. Teke fupi la kuanzisha tena mchezo, Bears wanaudaka wenyewe. Pasi nyingine kwa Moore, Santos anapiga teke la pointi tatu, 27-27. Kwenye muda wa ziada wanapoteza. Siku nne tu baadaye, sikukuu ya Shukrani, Detroit. Lions wameongoza 16-0 mpaka mapumziko, na bado Williams anawarudisha mpaka 23-20 na mpira mkononi mwao ndani ya eneo la Lions.

Hapo kila mtu anakumbuka kilichofuata. Anaangushwa, saa ina sekunde zaidi ya 30 na inatembea, na Bears wana taimauti moja. Hakuna anayeiita. Wachezaji wanajikokota kurudi kwenye mstari, Williams anabadilisha plei, mpira unatoka zikiwa zimebaki sekunde 6, pasi ndefu kwa Rome Odunze inaanguka chini, mchezo umekwisha na taimauti bado iko mfukoni.

Hii ndiyo mechi wanayoniletea kama ushahidi kwamba hana uongozi. Mimi nimeirudia video yake mara nyingi, na ninachokiona ni kitu kingine. Naona mtu wa mwaka wa kwanza aliyefanya kile ambacho kwotabeki anatakiwa kufanya, yaani kusoma ulinzi na kurekebisha, wakati ambao hakutakiwa kuwa anakifanya peke yake. Kazi ya kuitazama saa pale ni ya kocha kwanza. Kweli, kwotabeki mzoefu angeiita taimauti bila kumsubiri mtu. Nakubali. Lakini tofauti hiyo inaitwa uzoefu, na uzoefu hupatikana kwa mechi kama ile. Katika siku 12, mara tatu, kijana aliipeleka timu mpaka kwenye mlango wa ushindi dhidi ya wapinzani wa kundi lake. Teke la Santos lingepita sentimita chache juu zaidi, magazeti yangemwita kiongozi wa kuzaliwa.

Mtazameni Jayden Daniels. Timu zilipochagua machipukizi mwaka 2024 alichaguliwa namba mbili, nyuma ya Williams, akaichukua Washington iliyokuwa 4-13 mwaka uliotangulia akaifikisha 12-5 na fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi. Kila sifa aliyopewa alistahili. Lakini tarehe 27 Oktoba timu hizo mbili zilikutana, na Williams aliondoka uwanjani Bears wakiongoza 15-12. Plei ya mwisho, Daniels akarusha mpira wa kubahatisha, beki wa Bears, Tyrique Stevenson, alikuwa amegeukia majukwaa akiwatambia mashabiki wakati plei inaanza, mpira ukaguswa, ukamwangukia Noah Brown wa Washington, 18-15. Bears walikuwa 4-2 kabla ya siku ile. Kuanzia pale walipoteza 10 mfululizo.

Na ndani ya chumba cha Washington walikuwamo watu gani? Bobby Wagner, ambaye kocha mkuu Dan Quinn alimjua tangu Seattle. Zach Ertz, aliyecheza kule Arizona chini ya Kliff Kingsbury, kocha wa mashambulizi wa Washington msimu ule. Senta Tyler Biadasz, aliyetoka Dallas pamoja na Quinn. Yaani uongozi ulinunuliwa kabla Daniels hajafika, kwa mkataba na saini, kisha kijana akawekwa katikati yake. Chicago waliufikiria sana mkono wa kurusha, wakaifikiria kidogo mno safu ya kuulinda.

Kuna maswali ambayo sina majibu yake, na nisingependa myasikie kwa wapinzani wangu kwanza.

La kwanza ni hizo mara 68. Nyingine zilikuwa zake. Aliushika mpira muda mrefu, akakimbia kurudi nyuma akitafuta miujiza iliyokuwa ikimtokea akiwa chuo cha USC, ambako ulinzi ni wa polepole. Ni ngapi? Watu huchapisha asilimia zenye nukta, lakini video haisemi ni zuio gani liliitwa kwenye duara. Naweza kumwona lainibeka amepita katikati bila kuguswa nisijue kama ni gadi aliyesahau, senta aliyehesabu vibaya, au Williams aliyetakiwa kuutoa mpira mapema. Anayedai anajua kwa hakika, na hakuwamo chumbani, anakisia.

La pili ni mikono. Msimu ule Williams alikuwa na tabia, plei ikiharibika, ya kunyanyua mikono viganja vikitazama juu. Ben Johnson alipopewa timu kama kocha mkuu mwaka 2025 alilizungumzia jambo hili hadharani, akasema hataki timu ya viganja juu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mwili hausemi kitu. Ninachokataa ni sababu inayotolewa. Shabiki anataka kijana aonekane jasiri. Kocha anaogopa kitu kingine: kile kiganja kinamwambia mpokeaji, mbele ya watu elfu 60, kwamba kosa ni lake. Ukimfanyia hivyo mara tatu, plei ya nne hakimbii kwa nguvu zote. Kulia mikononi mwa mama yake baada ya kufungwa na chuo cha Washington akiwa USC mwaka 2023, au kupaka kucha rangi, havikumpunguzia mpokeaji yeyote hatua moja. Hayo mawili yametajwa kuliko viganja, na mimi naona ni aibu.

La tatu ni unahodha. Wachezaji wenzake walimpigia kura akawa nahodha kabla ya mechi yake ya kwanza, na wanaomtetea hupenda kunipa hoja hiyo. Siitumii. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa wamemjua miezi michache tu, na kijana aliyechaguliwa namba moja na klabu nzima imemjengea matumaini hakosi kura. Ingekuwa Desemba, baada ya kufungwa mara kumi, kura hiyo ningeiheshimu sana.

Kilichotokea baadaye kinajulikana. Mwaka 2025 Chicago walimleta gadi Joe Thuney, mwenye Super Bowl nne, gadi Jonah Jackson, na senta Drew Dalman. Kambini Johnson akashughulikia vitu visivyovutia kabisa: kuingia kwenye duara, kutoka, kufika kwenye mstari mapema. Kuangushwa kwa Williams kukapungua hadi chini ya nusu. Akarusha yadi 3,942, akaivunja rekodi ya klabu ya Erik Kramer ya 3,838 iliyodumu tangu 1995, na Bears wakachukua ubingwa wa kundi lao, NFC Kaskazini, kwa 11-6. Kijana ni yule yule, na kucha zake ni zile zile.

Kwa hiyo mnaponiuliza kuhusu Cam Ward, ambaye naye kocha wake mkuu, Brian Callahan, alifukuzwa msimu wa kwanza ukiwa mechi sita tu, msinitumie picha za benchini. Nitumieni video ya pembe pana, saa ya plei ikionekana. Nitaangalia inasoma ngapi timu inapofika kwenye mstari, nani ananyoosha kidole kumtaja lainibeka, yeye au senta, na kama kile alichokitaja wiki ya tatu kinatofautiana na anachokitaja wiki ya kumi na tano.