Giovanni Bottesini: mambo ambayo watu wanayakosea juu yake

Ukiongelea watunzi wa opera (tamthilia za kuimbwa) wa Italia utasikia Verdi, Puccini, Rossini, basi. Bottesini, mtunzi, mwongozaji wa okestra na mpigaji wa besi kubwa (ile ala kama fidla kubwa sana, inayopigwa kwa kusimama), aliyezaliwa Crema, Italia, mwaka 1821, hatajwi, na akitajwa mara nyingi ni kimakosa, na mimi muziki wake naupenda sana kwa hiyo ngoja tuweke mambo sawa.

Dhana: Aida, opera ya Verdi, ilitungwa kufungulia Mfereji wa Suez, na Verdi mwenyewe ndo aliiongoza Cairo.

Ukweli: hapana. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, na jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwezi huohuo kwa Rigoletto, ambayo ni ya Verdi pia ila ya siku nyingi. Aida ilipigwa Cairo mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871, ilichelewa kwa sababu mavazi na mapambo ya jukwaa yalikuwa yanatengenezwa Paris na vita ikaingia, jeshi la Prussia likauzingira mji, hakitoki kitu. Na Verdi hakwenda Cairo kabisa! Aliyesimama mbele ya okestra usiku ule ni Bottesini. Verdi yuko zake Italia anamwandikia barua, anataka aambiwe ule wimbo wa mwisho, wa wale wapenzi wanaofia kaburini, unatokaje. Mtu kama Verdi hakuachii kazi hiyo kama hakuamini.

Dhana: besi kubwa ilikuwa chaguo lake tangu utotoni.

Ukweli: alianza na fidla. Mwaka 1835 akataka kuingia konsevatori (chuo cha muziki) ya Milan, hela ya ada nyumbani hakuna, na nafasi za kusomeshwa bure zilizobaki zilikuwa mbili tu, basuni (ala ya kupuliza) na besi. Akachukua besi, akajifua wiki chache, wakampokea.

Dhana: besi kazi yake ni kuunga mkono wengine kwa nyuma.

Ukweli: wasikilize wanaopiga vipande vyake. Yeye alikuwa anatumia besi ya nyuzi tatu, anapanda nayo juu kabisa mpaka inaimba kama chelo (ala ndogo kuliko besi, yenye sauti ya juu zaidi), ndo maana wakamwita Paganini wa besi, yaani kama yule bingwa wa fidla.

Lakini jina hilo nalo limemponza, watu wanadhani kutunga kwake kulikuwa kwa pembeni. Jamani, ana opera zaidi ya kumi! Cristoforo Colombo ilipigwa Havana 1847, Ali Baba London 1871, halafu Ero e Leandro ikatoka Turin 1879, maneno yake ya Boito, huyohuyo aliyekuja kumwandikia Verdi Otello na Falstaff. Kuna na Requiem (muziki wa misa ya wafu) pia. Mwishoni mwa maisha yake akapewa kuongoza konsevatori ya Parma, Verdi akimuunga mkono, ila hakukaa sana maana Julai 1889 akafariki.

Kama hujawahi kumsikia anza na Gran Duo, mwanzo aliitunga kwa besi mbili, siku hizi wengi wanaipiga fidla na besi, na besi haibaki nyuma hata kidogo.