Kabla ya Kununua Kamera ya Mamilioni, Zisome Picha Zilizokushinda

Kwa miezi minne nilikuwa na fedha ya kununua kamera kubwa ya kitaalamu, na sikuinunua. Kazi yangu ni kupiga picha hapa Dodoma: mikutano ya taasisi, mahafali, send-off, harusi, na ninapopata nafasi, ngoma za Wagogo vijijini. Kamera niliyokuwa nayo ni Canon 80D, iliyotoka mwaka 2016, yenye megapikseli 24.2, yaani nukta milioni 24.2 katika kila picha, na sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ndogo kuliko ile ya fulu fremu, kamera zenye sensa kubwa. Wenzangu wengi ninaokutana nao ukumbini walikwisha kuhamia fulu fremu, na mimi nilikuwa nikiitamani Canon R6. Kabla ya kulipa, nikaamua kufungua daftari na kuandika kila picha muhimu iliyonishinda, pamoja na sababu ya kunishinda.

Ninaieleza kazi hiyo kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniamulia. Mwanzoni niliandika neno moja tu, "haijatulia", na neno hilo halikunisaidia chochote, kwa kuwa picha inaweza kukosa kutulia kwa njia tatu ambazo dawa zake ni tofauti kabisa. Ikuze picha kwenye kompyuta uitazame vizuri. Ikiwa viti na meza vimetulia lakini bibi harusi amefutika kama moshi, basi mwendo wa shata, lile pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie sensa, ulikuwa mdogo kuliko mwendo wake. Ikiwa kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, hadi taa za ukutani, ni mkono wako uliotikisika. Ikiwa bibi harusi ana ukungu huku ua la pambo lililo nyuma yake likionekana hadi mishipa ya majani, hapo fokasi ndiyo iliyokosea, yaani kamera ilimlenga asiyestahili. Nilipozipanga picha zangu upya kwa kipimo hicho, niligundua kwamba nyingi ya zile nilizokuwa nikiilaumu kamera zilikuwa za kundi la kwanza. Shata yangu ilikuwa 1/60 ya sekunde katika ukumbi wenye watu wanaocheza, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayomtuliza mchezaji kwa mwendo huo. R6 ina mfumo unaoisogeza sensa ili kufidia mtikisiko wa mkono, na ni mfumo mzuri sana, lakini unatibu kundi la pili peke yake.

Kwa nini basi shata ilikuwa chini kiasi hicho? Kwa sababu mwanga haukutosha, na mwanga haukutosha kwa sababu ya lenzi. Nilikuwa nikitumia lenzi ya kuvuta ya 18-135 mm iliyokuja pamoja na kamera, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa). Lenzi ya 50 mm ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, hupitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya huo. Sasa linganisha na sensa: fulu fremu ina eneo la milimita 36 kwa 24, na sensa ya 80D ni takriban 22.5 kwa 15, yaani kubwa inaizidi ndogo karibu mara 2 na nusu. Kwa kadirio, chengachenga, zile punje zinazochafua picha ya gizani, unazoziona kwenye ISO 2500 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga) ya kamera ndogo ndizo utakazoziona kwenye ISO 6400 ya kamera kubwa. Ni faida ya kweli na siipuuzi, lakini ukiweka mara 2 na nusu kando ya mara 10, kisha ukaweka na bei zake kando, utaona ni kipi cha kununua kwanza. Niliinunua lenzi ile, nikaongeza flashi ninayoielekeza kwenye dari pale dari inapokuwa nyeupe, na kurasa za daftari zikaanza kupungua.

Hazikuisha, hata hivyo, na ni haki nieleze pale lenzi ndogo ilipofika mwisho wake. Kwenye sensa ndogo ya 80D, 50 mm huona kama 80 mm, yaani eneo jembamba zaidi, hivyo katika sebule ya nyumba ya kawaida ya Majengo au Chang'ombe nilijikuta nimeegemea ukuta na bado familia haienei. Tena ukifungua hadi f/1.8, eneo linalotulia huwa jembamba sana, na mama akiwa hatua moja nyuma ya baba, mmoja wao anapotea. Jioni moja, katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, akina mama walikuwa wakipiga muheme, ile ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, jua likiwa limekwisha kuzama na vumbi limeinuka. Nilihitaji uwanja mpana, watu wengi waliotulia, na mwendo wa shata wa kuikamata mikono, yote kwa pamoja na bila flashi, kwa kuwa ingeua ule mwanga wa machweo na kuziangaza chembe za vumbi. Hapo nilikwama kwa sababu ya kifaa. Ukurasa huo nauheshimu hadi leo, maana picha zile hazitarudi.

Megapikseli ndizo wateja huuliza sana, lakini nitazipitia kwa haraka. R6 ya mwaka 2020 ina megapikseli 20.1, pungufu ya 80D yangu ya zamani. Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli zisizofika 9, na picha ya megapikseli 24 inatoa chapa ya takriban sentimita 51 kwa 34 kwa kipimo hichohicho. Albamu nyingi ninazokabidhi ni ndogo kuliko hapo, na picha nyingine zote huishia WhatsApp, ambako hubanwa zikapungua sana.

Gharama ndiyo inayowaumiza vijana wengi, kwa sababu huhesabu bodi pekee, yaani kamera bila lenzi. Lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, zinaingia kwenye R6 kwa adapta, lakini kamera hukata picha na kukuachia megapikseli zisizofika 8. Kwa hiyo ukinunua bodi ya fulu fremu, na lenzi zako za namna hiyo nazo zimekwisha kustaafu. Lenzi ya 24-70 ya f/2.8 ya daraja la juu inaweza kukugharimu sawa na bodi, na bado kuna betri za akiba na kadi. Tuseme jumla yote ni shilingi milioni 9, na harusi moja, ukishalipa msaidizi, nauli na uchapaji wa albamu, inakubakizia 300,000. Hizo ni harusi 30 za kurudisha fedha tu, kabla hujala, na katika Kwaresima na Ramadhani harusi huwa chache. Iandike hesabu hiyo kwa takwimu zako mwenyewe, na ujiulize kwa uaminifu kama wateja wako watalipa zaidi kwa sababu ya kamera hiyo. Mkopo wa riba kwa kifaa kisichoongeza bei ya kazi yako siushauri hata kidogo.

Kwetu kuna jambo la vumbi pia. Kuanzia katikati ya mwaka upepo wa Dodoma hauna huruma, na kila unapobadilisha lenzi uwanjani unaiacha sensa wazi. Mipira ya kuzuia vumbi kwenye bodi ya bei kubwa haisaidii sana ikiwa lenzi uliyoifunga haina mpira wake. Kinga bora niliyoiona ni kuwa na bodi mbili, kila moja na lenzi yake, na ndiyo maana siwashauri watu kuiuza kamera ya zamani ili kujazia mpya. Ukinunua iliyotumika, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, kisha mulika tochi ndani ya lenzi: lenzi zilizokaa miaka mingi kwenye unyevu wa pwani mara nyingine huwa na kuvu, nyuzinyuzi kama za buibui kwenye kioo.

Kilichonitoa kwenye kusitasita hakikuwa ubora wa picha. Katika harusi moja kadi yangu ilikufa, na ibada yote ya kanisani ikapotea, kwa sababu 80D ina nafasi ya kadi moja tu. Nilikwenda nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi na kuwaeleza ana kwa ana. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, nami sitaki kukaa tena kwenye kiti kile. R6 ina nafasi mbili, na ukiipanga hivyo kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Wiki tatu baadaye nilipanda treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, nikaijaribu dukani kwa saa nzima nikiwa na kadi zangu mwenyewe, nikailipia taslimu. Lenzi ya 24-70 sijainunua bado. Ile 50 mm, kwa kuwa ni ya EF, aina inayoienea sensa kubwa pia, imehamia kwenye bodi mpya kwa adapta, na sasa inaona kama 50 kamili. 80D nimeiachia 18-135 yake kwa kazi za nje za mchana.