Kanieneo ni nini, na kwa nini kisigino cha skuna kinamshinda tembo

Kanieneo, au presha kama wengi tunavyoiita, ni kani (yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta) ukiigawa kwa eneo inalokandamiza. Basi. Shida darasani watoto wanaandikiwa P = F/A (P kanieneo, F kani, A eneo) ubaoni kabla hata hawajajua inaongelea nini, wanakariri, mtihani ukiisha imeshasahaulika, wakati wengine hicho kitu wanakibeba kichwani kila wakienda kuchota maji.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na ushee, yaani kama nyutoni 200 hivi (nyutoni ndo kipimo cha kani, kilo moja ni kama nyutoni 10). Kitako cha ndoo ni bapa, utosi ni mviringo, kwa hiyo vinagusana pale katikati tu na hapo ndo panauma balaa. Sokota kanga uizungushe iwe ngata, ndoo ni ileile, uzito haujapungua hata gramu, ila sasa umetawanyika kwenye duara pana na mtu anatembea huku anapiga stori. Aliyeelewa ngata ameshaelewa fomula, herufi atazijaza baadaye.

Sasa hesabu, na hapa ndo huwa wanaanza kubishana. Dada wa kilo 60 kavaa skuna yenye kisigino cha sentimita mraba 1, akielemea kisigino kimoja hizo ni nyutoni 600 kwenye kidoti. Tembo wa tani 4 je? Tuseme nyayo zake nne jumla ni sentimita mraba 4,000, basi nyutoni 40,000 gawa kwa 4,000 unapata 10. Kumi tu! (Msiende kujaribu kukanyagwa, kani yenyewe bado ni kubwa mno.) Ila sakafu ya mbao inatiwa vishimo na skuna.

Na hiyo 10 iwekeni akilini, maana hewa inayotuzunguka usawa wa bahari nayo inatukandamiza kwa nyutoni kama 10 kila sentimita mraba, mwili mzima, usiku na mchana, na hatupondeki sababu ndani ya mwili nako kuna presha inayosukuma kwenda nje. Juu kabisa Kilimanjaro, mita 5,895, inabaki kama nusu, ndo maana maji kule yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage utayasubiri sana.

Hewa hiyohiyo ndo inayokunywesha soda. Ukinyonya mrija unapunguza presha ya ndani yake, halafu hewa ya nje inaikandamiza soda iliyo kwenye chupa hadi inapanda. Anayebisha mtobolee mrija kwa sindano nene juu kidogo ya usawa wa soda, mwambie anyonye. Atahangaika sana, hewa inaingia pale kwenye tobo, presha ya ndani na ya nje zinakaribiana, na soda inakosa wa kuisukuma.