Je, wajua kwa nini kompyuta ya Linux yenye waya hukwama kwenye megabiti 94?

Unalipia intaneti ya megabiti 500 kwa sekunde. Ruta ni ya gigabiti, kadi ya mtandao ya kompyuta ni ya gigabiti, na umechomeka waya kabisa ili kuepuka matatizo ya Wi-Fi. Unapima kasi, unapata 94. Unazima na kuwasha, unapima tena: 94. Simu iliyo mezani, isiyo na waya wowote, inavuta 300. Hapo ndipo watu huanza kuituhumu Linux, kubadilisha draiva (programu inayoiendesha kadi) na hata kusakinisha mfumo upya.

Kabla ya kufika huko, itazame ile namba yenyewe, maana haikuja kwa bahati. Fremu moja ya Ethaneti, yaani kifurushi kimoja cha data kinachopita kwenye waya, hubeba mzigo wa hadi baiti 1,500, lakini ikiwa njiani huchukua nafasi ya baiti 1,538, ukijumlisha anwani, utangulizi, ukaguzi wa makosa na mwanya unaoachwa kabla ya fremu nyingine. Ndani ya zile 1,500, IP na TCP, kanuni zinazoisafirisha data mtandaoni, hujikatia 52, kwa kuwa Linux kwa kawaida huongeza mhuri wa muda kwenye kila pakiti. Data yako inabaki na 1,448. Gawanya kwa 1,538, unapata takriban asilimia 94. Kwa hiyo kipimo cha 94 kinachojirudia bila kuyumba ni muungano wa megabiti 100 unaofanya kazi kwa ukamilifu! Muungano mzima wa gigabiti hutoa karibu 940. (Programu za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo huko utaona kama 11.7. Ni jambo lile lile.)

Swali basi si kwa nini Linux ni nzito, bali kwa nini vifaa viwili vya gigabiti vimekubaliana kutembea kwa 100. Tafuta kwanza jina la kadi kwa amri `ip link`. Huwa kitu kama enp3s0 au eno1. Kisha andika:

`sudo ethtool enp3s0`

Mstari wa Speed ukisema 100Mb/s, umeshampata mwizi, bado kumfahamu jina. Angalia palipoandikwa Link partner advertised link modes. Hiyo ni orodha ya kasi ambazo upande wa pili, yaani ruta au swichi, umejitangaza kuziweza. Kama 1000baseT/Full, yaani gigabiti, haimo, tundu ulilochomeka huko halina gigabiti au limewekewa kikomo, na ruta za bei nafuu zenye matundu ya 100 zipo tele. Lakini ikiwa 1000baseT/Full imo, na kadi yako nayo inaitangaza, basi pande zote mbili zinaweza gigabiti na zimeshindwa kuifikia. Mshukiwa wa kwanza ni kebo.

Utauliza: kebo mbovu si ingekata mawasiliano kabisa? Ndani ya kebo ya Ethaneti kuna nyaya 8, zilizosokotwa kwa jozi 4. Muungano wa megabiti 100 hutumia jozi 2 tu, zile zinazoishia kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, iliyosanifishwa kwa kebo hizi mwaka 1999, inataka jozi zote 4. Ila mazungumzo ya kupatana kasi, yanayofanyika mara tu unapochomeka, hupita kwenye zile jozi 2 za zamani peke yake. Ni sawa na dereva kuahidi safari ndefu baada ya kukagua magurudumu mawili ya gari lenye manne. Pande mbili hukubaliana gigabiti, zinajaribu kuianzisha, jozi ya tatu au ya nne haiitikii, na jaribio linakufa. Chipu nyingi baada ya kushindwa mara kadhaa hushuka kimyakimya hadi 100, na maisha yanaendelea. Nyingine hazijui kushuka. Hizo utaona muungano ukikatika na kurudi bila kikomo.

Kimyakimya, lakini si lazima kwako. Kwa baadhi ya kadi, kerneli, kiini cha Linux, huandika kwenye kumbukumbu zake ujumbe unaoanza na Downshift occurred, na mwisho wake unakuambia waziwazi ukague kebo. Utafute kwa `sudo dmesg | grep -i downshift`. Usipouona usijiaminishe, badilisha kebo hata hivyo, kwa nyingine iliyoandikwa Cat 5e au zaidi. Ikiwa kebo imepita ukutani, jaribu kompyuta karibu na ruta kwa kebo fupi, maana waya mmoja usiokaa vizuri kwenye plagi unatosha kuleta haya yote, na hauonekani kwa macho.

Hapa lazima nipinge ushauri mmoja unaosambaa sana: kuzima mapatano na kulazimisha kasi kwa mkono. Gigabiti ya kebo za shaba haiwezi kufanya kazi bila mapatano, kwa hiyo hupati kitu. Ukilazimisha 100 ya kutuma na kupokea kwa pamoja, ni balaa zaidi. Upande wa pili, usiposikia mapatano, hutambua kasi lakini hauwezi kujua kama unaruhusiwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na kanuni inauamuru uchukulie hapana. Upande mmoja unatuma wakati wowote, mwingine unahesabu migongano. Ping inajibu vizuri, kurasa ndogo zinafunguka, ila faili kubwa linatambaa. Kwenye ethtool, acha Auto-negotiation, yaani hayo mapatano, iwe on.

Ikiwa ethtool inasema 1000Mb/s na bado kasi ni ndogo, itenge nyumba na intaneti. Weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kwenye kompyuta mbili za nyumbani, moja iendeshe `iperf3 -s`, nyingine `iperf3 -c` ikifuatwa na anwani ya ile ya kwanza, kisha rudia ukiongeza `-R` ili kupima upande wa kurudi. Upande mmoja ukiwa mzuri na mwingine mbaya, tazama hesabu za makosa kwa `ip -s link`. Makosa yanayopanda wakati wa jaribio ni pakiti zinazofika zimeharibika. TCP huchukulia pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano na kupunguza mwendo, ndiyo maana hasara ndogo sana huangusha kasi kwa kiasi kikubwa.

Makosa yasipokuwepo, ndipo draiva inastahili kutazamwa. `ethtool -i enp3s0` hukuonyesha inayotumika. Kadi kadhaa husumbuliwa na kipengele cha kuokoa umeme waya unapotulia. Kizime kwa `sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off` na upime tena. Na kama kadi yako ni ya kuchomeka kwenye USB 2.0, usihangaike: tundu lenyewe lina kikomo cha megabiti 480, na kiuhalisia hupungua zaidi.

Mwisho, endesha `ip route`. Kompyuta yenye Wi-Fi na waya kwa pamoja huchagua njia yenye metric (namba ya kipaumbele) ndogo. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, kwa kawaida huipa waya 100 na Wi-Fi 600, lakini mpangilio ukichezewa, pakiti zako zinaweza kuwa zinapita hewani muda wote huku waya umechomekwa bure. Iwapo njia ni ya waya na iperf3 inatoa 940 pande zote mbili, nyumba yako haina kosa. Chomeka kompyuta kwenye ruta ya mtoa huduma moja kwa moja, pima, na umpigie simu ukiwa na namba hizo mkononi.