Matewan: tunayoambiwa kuhusu mji huu wa milimani, na yaliyotokea kweli

Kuna mji unaitwa Matewan, uko West Virginia kule Marekani, kaunti ya Mingo, umebanwa kati ya mlima na mto Tug Fork, ukivuka mto tu ushaingia Kentucky. Watu wake hawafiki 500. Kwa udogo huo umebebeshwa maneno mengi mno, na karibu yote yanaishia palepale, kwamba watu wa milima ya Appalachia ukorofi uko kwenye damu, wanapenda bunduki na visasi, na umaskini wao wameutaka wenyewe. Mimi inaniuma sana hii, manake ukiifuata historia ya ule mji hatua kwa hatua, nyuma ya kila mauaji unakuta kuna ardhi, mbao au makaa ya mawe, na mara nyingi mwenye mali hata hakuwa anaishi pale.

Tuanze na ile inayojulikana kuliko zote.

"Ukoo wa Hatfield na ukoo wa McCoy walichinjana Matewan, chanzo nguruwe."

Kwanza huo mji haukuwepo. Ule ugomvi uliwaka miaka ya 1880, Matewan ukazaliwa baadaye reli ya Norfolk and Western ilipopita kwenye bonde la Tug, reli ikakamilika 1892 na mji ukasajiliwa rasmi 1897. Hata kaunti ya Mingo yenyewe ilikuwa bado, ilimegwa kutoka Logan mwaka 1895. Kilichofanyika karibu na hapo ni cha Agosti 1882: siku ya uchaguzi upande wa Kentucky vijana watatu wa McCoy walimchoma visu na kumpiga risasi Ellison Hatfield, alipokata roho watu wa Hatfield wakawafunga wale vijana kwenye miti kando ya mto, ng'ambo ya ulipo mji leo, wakawamiminia risasi. Ni ukatili, hakuna anayebisha.

Nguruwe naye alikuwepo kweli, kesi ya nani mwenye nguruwe huyo ilisikilizwa 1878. Lakini angalia ilivyoamuliwa. Kati ya waliokaa kuamua alikuwepo Selkirk McCoy, na yeye akasimama upande wa Hatfield! Kwa nini? Alikuwa anafanya kazi kwa William Anderson Hatfield, huyo wanayemwita Devil Anse, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa mbao, anakata miti na kuelesha magogo mtoni mpaka Catlettsburg kwenye mto Ohio kuyauza. Yaani mtu alifuata mkate wake akaacha jina la ukoo. Na hizi koo zilikuwa zimeoana, hakuna mstari ulionyooka kati yao hata kidogo.

Halafu kuna kitu ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka. Baada ya mauaji ya 1882 karibu miaka 5 ilipita kesi imelala tu. Aliyeiamsha 1887 ni mwanasheria wa Pikeville upande wa Kentucky, Perry Cline, ambaye miaka ya 1870 alipoteza ekari kama 5,000 kwa huyohuyo Devil Anse kwenye mgogoro wa mbao. Cline akambana gavana wa Kentucky, zawadi zikatangazwa kwa watakaowakamata wakina Hatfield, watu wenye silaha wakaanza kuvuka mpaka kukamata watu. Wakina Hatfield nao usiku wa Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1888, wakaenda kuchoma nyumba ya mzee Randolph McCoy na kuua watoto wake wawili. Jambo likafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka huohuo 1888, ikaamua kwamba waliokamatwa wanaweza kushtakiwa Kentucky hata kama walivushwa mpaka kinyume cha sheria. Mmoja alinyongwa Pikeville, Februari 1890. Na Devil Anse? 1888 aliuza ardhi yake ya kando ya Tug akahamia ndani zaidi huko Logan, na miaka michache tu reli ikapita bondeni na makaa ya mawe yakaanza kutoka. Wanunuzi walijua wananunua nini.

Kuna wanaoongeza kwamba koo hizi zilikuwa maadui tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, moja kaskazini nyingine kusini. Hapana, wengi wa pande zote mbili walikuwa upande wa kusini. Alikuwepo Asa Harmon McCoy aliyepigania serikali ya kaskazini, akauawa Januari 1865, ila ukoo wake wenyewe haukuanzisha vita kwa ajili yake.

Sasa jiografia, hapa ndipo penye ufunguo wa hadithi yote.

"Ni milima mirefu, imejikunja, ndiyo maana watu walijitenga na dunia."

Si mirefu. Mji uko mita 200 na ushee tu juu ya usawa wa bahari, Dodoma iko juu mara 5 yake. Kinachotisha pale ni ule mwinuko wa ghafla, mabonde ni membamba mno na miteremko imesimama, kwahiyo sehemu tambarare ni kile kipande cha kando ya mto basi. Na hiyo milima ya Matewan haikukunjwa. Mashariki zaidi ndiyo, miamba imepinda kabisa tangu bara la Afrika lilipogongana na Amerika ya Kaskazini miaka kama milioni 300 iliyopita, ndiyo sababu wanajiolojia wanaona undugu kati ya Appalachia na milima ya Atlas kule Morocco. Ila upande huu wa Tug miamba imelala karibu kama sakafu, ni uwanda ulioinuliwa, mito ikauchanja na kuuchanja mpaka yakabaki matuta na makorongo. Kabla ya hapo eneo lile lilikuwa karibu na ikweta, kinamasi cha joto chenye misitu minene, na hiyo misitu iliyozama kwenye tope ndiyo makaa ya mawe.

Ukishaelewa hilo unaelewa na kosa jingine, kwamba wachimbaji walikuwa wanashushwa na lifti kilometa nzima chini ya ardhi. Sehemu nyingi za huko hapana. Tabaka la makaa limelala, mto umekata mlima, kwahiyo makaa yanachungulia ubavuni mwa kilima, unatoboa shimo la kulala unaingia kwa miguu, umesimama au umeinama, mkokoteni unatoka na mzigo kwenye reli ndogo, unateremshwa kwenye mabehewa yaliyosimama bondeni. Ilikuwa rahisi kuchimba kuliko sehemu nyingi duniani na iliyokuwa inakosekana ni reli tu. Reli ilipofika kila kitu kikabadilika ndani ya miaka 20, na hapohapo ndipo wenyeji wengi walikuta hawana tena ardhi wala kilicho chini yake.

"Wote walikuwa wazungu wa ukoo mmoja, hakuna mgeni."

Machimbo ya kusini mwa West Virginia yalijaza watu weusi waliotoka Virginia, Carolina na Alabama, Waitalia, Wahungaria, Wapolandi. Weusi kule walikuwa na haki ya kupiga kura wakati majimbo ya kusini zaidi yalikuwa yanawazuia kwa kila mbinu, ingawa shule zilitenganishwa kwa mujibu wa katiba ya jimbo lenyewe, kwahiyo tusiipambe sana. Lakini ndani ya mgodi na ndani ya chama cha wachimbaji walikaa pamoja, na 1920 walipofukuzwa majumbani walilala kwenye mahema yaleyale. Makampuni yalichanganya hao watu makusudi yakiamini hawataelewana.

Tufike 1920, tarehe 19 Mei.

"Yale mauaji ya Matewan ni mwendelezo wa visasi vya Hatfield."

Hii naikataa kabisa. Jina tu ndilo limefanana. Mkuu wa polisi wa mji alikuwa Sid Hatfield, aliwahi kuchimba makaa yeye mwenyewe na kufua chuma, na bosi wake alikuwa meya Cabell Testerman. Mchimbaji wakati ule nyumba ni ya kampuni, duka ni la kampuni, mshahara mara nyingi unalipwa kwa sarafu za kampuni zinazotumika kwenye duka hilohilo, ukijiunga na chama unafukuzwa kazi na nyumba siku moja. Sheriff wa kaunti nyingine kama Logan, Don Chafin, alikuwa analipwa na wenye migodi. Matewan ilikuwa tofauti kwa kitu kimoja: ulikuwa mji uliosajiliwa, wenye meya na polisi wake, haukuwa kambi ya kampuni. Ndiyo maana chama kilipata pa kusimama pale. Mawakala wa Baldwin-Felts, kampuni ya wapelelezi binafsi waliokodiwa na wenye migodi, walitaka kuweka bunduki za rashasha juu ya mapaa ya mji na meya akakataa.

Siku hiyo mawakala wakafika na treni, wakaenda kwenye nyumba za Stone Mountain Coal Company kutoa familia nje, vyombo vikatupwa barabarani huku kuna manyunyu. Sid na meya wakawafuata kuuliza kibali cha mahakama kiko wapi, hawakuelewana. Mawakala wakamaliza kazi, wakarudi mjini wakala hotelini, jioni wakawa wanatembea kuelekea stesheni kuwahi treni, wengine bunduki zao wameshazipaki. Albert Felts, kiongozi wa mawakala, akasema ana hati ya kumkamata Sid, Sid naye akasema ana ya kumkamata Albert, meya akaisoma ile hati akasema ni feki. Risasi ya kwanza ilitoka kwa nani, mpaka leo watu wanabishana. Zilipokoma wamekufa mawakala 7, akiwemo Albert na ndugu yake Lee, wachimbaji 2, na meya akafa kwa majeraha.

Kisha ikaja ile porojo ya mapenzi. Sid alimuoa mjane wa meya, Jessie, ndani ya wiki mbili, na upande wa Baldwin-Felts ukaeneza kwamba ni Sid mwenyewe aliyempiga meya ili amchukue mke. Haikuthibitishwa kamwe, na kesi ya mauaji ya Matewan iliposikilizwa Sid na wenzake wakaachiwa huru mapema 1921. Wengine wanaishikilia mpaka leo kwa sababu ni tamu kusimulia, lakini nayo inafuta kabisa swali la familia zilizotolewa nje kwenye manyunyu.

Tarehe 1 Agosti 1921 Sid na rafiki yake Ed Chambers waliitwa mahakamani Welch, kaunti ya McDowell, kwa shtaka jingine. Walikwenda na wake zao, hawana silaha. Wanapanda ngazi za mahakama mawakala wa Baldwin-Felts wakawapiga risasi palepale. Sallie, mke wa Ed, alimrukia mmoja wao kwa mwavuli akampiga nao. Huyo mtu ni C. E. Lively, na huyu ndiye anayenikera kuliko wote, alikuwa amekaa Matewan kama mwanachama mwenzao, anaendesha mgahawa chini ya ofisi ya chama, kila siku anawapa wachimbaji chakula na kila siku anapeleka habari zao. Walidai walijihami. Hakuna aliyefungwa.

"Halafu jeshi la Marekani likawapiga mabomu wachimbaji Matewan." Hapa kuna mambo mawili yamechanganywa. Kifo cha Sid kiliwasha moto, wachimbaji kama 10,000 wakakusanyika karibu na Charleston, makao makuu ya West Virginia, wakaanza kutembea kwenda Mingo kukomboa wenzao waliofungwa, hawakufika, walizuiwa Blair Mountain kaunti ya Logan na jeshi la Chafin mwishoni mwa Agosti 1921. Mabomu yaliangushwa kweli, ila na ndege binafsi zilizokodiwa upande wa Chafin. Ndege za jeshi zililetwa, zikatumika kuchunguza. Na wanajeshi wa Rais Harding walipofika wachimbaji hawakupigana nao, wengi wao walikuwa wametoka vita ya kwanza ya dunia na hawakutaka kunyanyua bunduki kwa wenzao. Chama kikaporomoka, kikarudi kwa nguvu 1933 baada ya sheria za Rais Roosevelt kuruhusu wafanyakazi kujiunga.

Kuhusu mafuriko nitasema kwa ufupi. Aprili 1977 Tug ulifurika ukauzamisha mji, na mpaka leo utasikia mtu anauliza kwa nini hawakujenga juu. Juu wapi? Mteremko umesimama, tambarare yote ni ya mto, reli ikachukua sehemu yake, na eneo kubwa la milima limeshikwa na makampuni ya ardhi na makaa. Wahandisi wa jeshi wakajenga ukuta wa zege kuzunguka mji, ukaisha miaka ya 1990, na kwenye ule ukuta wamechora kwa zege habari za mji wenyewe.

Wanaosema mji umekufa hawajaenda. Ajira za makaa zimepungua vibaya, hilo ni kweli na watu wamehama. Lakini tangu 2000 kuna njia za pikipiki za magurudumu manne zilizopewa jina la Hatfield-McCoy zinazoleta wageni, na 2015 wenyeji wakafungua makumbusho ya vita vya migodini. Ndugu zetu wa Kongo mlioko Lexington, Kentucky, ni kama masaa matatu kwa gari. Anzeni na makumbusho, mkatazame matundu ya risasi kwenye ukuta wa matofali wa iliyokuwa posta, kisha mvuke daraja upande wa Kentucky, ndiko walikofungwa wale vijana watatu wa 1882.